Nani Aamuaye Kwamba Mtambo Umekufa?

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Leo twapenda kuliweka neno hilo mbele ya wasomaji wetu, wafanyakazi wa viwandani na wa maofisini, walimu na makarani, kwa sababu ya jambo lililotukia mbele ya macho yetu, na ambalo wengi wamelipokea kimya kama wanavyolipokea jua na mvua. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa mfumo endeshi wake uitwao Windows 10. Mfumo uliofuata, yaani Windows 11, haukubali rasmi kuwekwa katika kompyuta yoyote tu. Wataka prosesa ya miaka ya karibuni, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha namna ya 2.0. Basi kompyuta nyingi zilizokuwa zikifanya kazi barabara jioni ya siku ile, zikiandika barua na kupiga hesabu bila ya kulalamika, ziliamkia asubuhi yake zikiwa zimehesabiwa katika mitambo ya kale.

Katika chumba chetu cha habari tunayo kompyuta moja ya namna hiyo. Karani wetu wa matangazo ameitumia miaka mingi, hata herufi kadhaa za kibodi zimefutika kwa vidole vyake. Alikuja fundi kijana, akaitazama, akasema itupwe. Tukamwuliza, imeharibika wapi? Akajibu kwamba haikuharibika popote. Tukamwuliza tena, kwa nini basi itupwe? Akasema, "Wenyewe wamesema."

Neno hilo "wenyewe" ndilo lililotufanya tushike kalamu. Maana sisi tulidhani kwamba wenyewe ni sisi tulioinunua.

KAZI YA MSIMAMIZI

Kabla ya kwenda mbali yafaa tuelezane maana. Mfumo endeshi ni programu ile inayosimama kati ya mtambo na kazi tunazozitaka. Tuufananishe na msimamizi wa karakana. Msimamizi ndiye agawaye zana, ndiye apangaye zamu, ndiye azuiaye watu wawili wasigombanie mashine moja ya kukerezea, na ndiye mwenye funguo za ghala. Karakana inaweza kuwa na mashine nzuri na mafundi hodari, lakini msimamizi asipokuwapo hakuna kazi itakayotoka. Kadhalika kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni chuma na plastiki tu.

Sasa, kila ukoo wa prosesa una lugha yake. Amri inayoeleweka na prosesa ya Intel ni kelele tu mbele ya prosesa ya Motorola. Zamani mifumo endeshi mingi iliandikwa moja kwa moja katika lugha ya mtambo mmoja. Mtambo ukipitwa na wakati, msimamizi naye alizikwa pamoja nao, na kazi yote ya watu walioandika ikapotea. Mwenye mtambo mpya alianza upya, na mwenye mtambo wa zamani alibaki yatima.

Mlango wa kutokea katika mkwamo huo ulifunguliwa na watu waliofanya kazi kwa mtambo wa zamani. Mwaka 1969 Bwana Ken Thompson, katika maabara ya Bell huko Marekani, alianza kuandika mfumo ulioitwa baadaye Unix. Hakupewa mtambo wa fahari. Alitumia PDP-7, mtambo mdogo uliokuwa umekwisha kupitwa na ambao haukuwa na watumiaji wengi. Mwaka 1973 yeye na mwenzake, Bwana Dennis Ritchie, waliuandika upya karibu mfumo wote katika lugha iitwayo C. Faida ya lugha hiyo ni kwamba haisemi na mtambo wa namna moja tu. Mtu huandika mara moja, kisha programu nyingine iitwayo kompaila hutafsiri maandishi yale katika lugha ya prosesa inayokusudiwa. Ukiwa na kompaila ya mtambo wako, sehemu kubwa ya kazi ya wenzako inakuwa yako.

Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1977. Katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, Bwana Richard Miller aliuhamishia Unix katika mtambo wa Interdata 7/32. Wakati huo huo, kundi moja bila ya kujua habari za jingine, wenyewe wa Bell nao walikuwa wakiuhamishia katika Interdata 8/32. Hadi hapo ilifahamika kwamba mfumo endeshi unaweza kuhama nyumba kama ahamavyo mtu, akaacha kuta na kuchukua vyombo vyake.

UHURU WA MAANDISHI

Lakini Unix haukuwa huru. Ulikuwa na mwenyewe, na aliyeutaka alihitaji ruhusa. Hapo ndipo linapoingia jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko la kwanza. Tarehe 27 Septemba 1983 Bwana Richard Stallman wa Marekani alitangaza kazi ya kuandika mfumo utakaofanana na Unix lakini utakaokuwa huru, akauita GNU. Mwaka 1989 ikatolewa leseni yake iitwayo GPL, ambayo kwa muhtasari yasema hivi: waweza kuitumia programu hii, kuisoma maandishi yake, kuibadili na kuigawa, ila ukiigawa, umpe yule mwingine haki hizo hizo ulizopewa wewe.

Mwaka 1991 kijana wa Finland, Bwana Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, aliandika kiini cha mfumo kwa ajili ya kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 386. Alipowatangazia wenzake mwezi wa Agosti alieleza wazi kwamba kazi yake haikuwa ya kuhamishika. Mwanzoni mwa mwaka 1992 Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alimlaumu hadharani, na moja ya lawama zake ilikuwa hiyo hiyo, ya kwamba si busara kuufunga mfumo kwenye ukoo mmoja wa prosesa. Mwaka huo huo wa 1992 Linux, kama ulivyokwisha kuitwa, ukawekwa chini ya leseni ya GPL.

Yaliyofuata yalimshinda hata mwandishi wake kuyatabiri. Watu wenye kompyuta za Amiga na Atari, ambazo zilitumia prosesa za Motorola za ukoo wa 68000, waliyachukua maandishi yale wakaanza kuyahamishia kwao. Hawakuandika barua ya kuomba ruhusa, kwa kuwa ruhusa ilikuwa imekwisha kutolewa ndani ya leseni. Mwaka 1994 Bwana Jon Hall wa kampuni ya Digital alifanya mpango Bwana Torvalds apate kompyuta ya Alpha, na mwezi wa Machi 1995, Linux toleo la 1.2 lilipotoka, lilikuwa na maandishi ya Alpha, ya SPARC na ya MIPS pamoja na yale ya Intel. Mfumo ulioambiwa na mwenyewe kwamba hauhamishiki ukawa msafiri.

Tuwakumbuke hapa wenye Amiga. Kampuni ya Commodore iliyoiunda ilifilisika mwezi wa Aprili 1994. Aliyeinunua kompyuta ile kwa jasho lake alijikuta hana mtu wa kumwuliza. Ingalikuwa programu zote ni za siri, habari ingaliishia pale. Lakini Linux, na pia mfumo mwingine huru uitwao NetBSD ulioanzishwa mwaka 1993, iliendelea kutunzwa kwa ajili ya kompyuta hizo na watu ambao hawakuwahi kuwa wafanyakazi wa Commodore. Kampuni ilikufa, mtambo ukabaki hai.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYWA

Isidhaniwe kwamba kuhamisha mfumo ni kubonyeza kitufe. Ni kazi ya subira, nasi twaona vema kueleza hatua zake ili msomaji ajue jasho linatoka wapi.

Kwanza fundi hutafuta kompaila ya prosesa ile ya zamani. Haiendeshi katika mtambo wa zamani wenyewe, kwa kuwa ungechukua siku nyingi mno. Huiweka katika kompyuta mpya yenye nguvu, nayo hutoa maandishi ya lugha ya ile dhaifu. Pili huandika mistari ya kuamsha mtambo. Mistari hiyo haiwezi kuwa ya C. Lazima iwe ya lugha ya prosesa yenyewe, kwa sababu wakati ule hakuna kitu kilicho tayari ndani ya mtambo, hata kumbukumbu haijapangwa. Tatu huupa mtambo kinywa, kwa kawaida waya mmoja tu wa kupelekea herufi moja moja, ili mtambo uweze kusema umefika wapi. Mafundi wengi wamekaa usiku kucha wakingoja herufi moja itokee.

Hatua ya nne ni saa na miito. Vifaa vya kompyuta humwita msimamizi kila vinapohitaji jambo, nayo saa humkumbusha kwamba zamu ya mmoja imekwisha na ya mwingine imefika. Tano ni mpango wa kumbukumbu, ili programu moja isiingie chumbani mwa nyingine. Hapa mitambo mingine hushindwa kabisa. Prosesa ya kwanza ya ukoo ule wa Motorola, 68000 ya mwaka 1979, haikuwa na kifaa cha kulinda kumbukumbu. Kwa hiyo Linux ya kawaida ilihitaji 68020 iliyoongezewa kifaa hicho, au 68030 na zilizofuata. Mwisho huja vifaa kimoja kimoja: diski, kioo, mtandao. Kila kimoja chataka kuandikiwa maandishi yake, na aghalabu kampuni iliyokiunda haikuacha maelezo yoyote, au iliyaficha.

Tena kuna mitego. Mmoja ni mpangilio wa hesabu. Mwarabu akitaka kusema 23 husema "tatu na ishirini". Mswahili husema "ishirini na tatu". Hesabu ni moja, mpango ni mwingine. Prosesa nazo zi hivyo hivyo: za Intel huweka sehemu ndogo ya hesabu kwanza, za Motorola 68000 huweka kubwa kwanza. Programu iliyoandikwa na mtu asiyelifikiri jambo hilo ikihamishwa huanza kusema upuuzi. Husimuliwa kwamba katika kuhamisha Unix zamani, mtambo ulipoamka mara ya kwanza uliandika NUXI mahali pa UNIX, kwa kuwa kila jozi ya herufi ilikuwa imegeuzwa.

Mtego mwingine ni wa umri. VAX ya kampuni ya Digital ilitoka mwaka 1977, nao utaratibu wa kimataifa wa hesabu za desimali katika kompyuta ulikubaliwa mwaka 1985. Kwa hiyo VAX hufanya hesabu hizo kwa desturi yake yenyewe, na haijui alama za "isiyo na mwisho" na "si hesabu" ambazo programu za leo hudhani kila prosesa inazijua. Hata hivyo NetBSD toleo la 10, lililotoka Machi 2024, bado lilikuwa na nafasi kwa ajili ya VAX, mtambo ambao Compaq, iliyoinunua Digital mwaka 1998, iliacha kuuuza kitambo.

Twauliza, yapo manufaa gani kuhangaika na chombo kama hicho? Mafundi wa kazi hii hutoa jibu ambalo kila mkaguzi wa hesabu atalielewa. Programu ikipitishwa katika mitambo mingi isiyofanana, makosa yaliyojificha hutokea nje. Kosa ambalo Intel hulisamehe kimya, mtambo mwingine hulikataa papo hapo. Kwa hiyo mzee yule wa chuma hulipa kodi yake ya nyumba kwa kuwaonyesha vijana makosa yao.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Tungekuwa tunawadanganya wasomaji wetu kama tungeishia hapo. Programu huria hazina ahadi ya uzima wa milele. Mwezi wa Desemba 2012 watunzaji wa Linux waliiondoa prosesa ya 386, nayo ndiyo ile ile ambayo juu yake Linux ilizaliwa. Intel ilikuwa imeacha kuiunda tangu mwaka 2007. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya haki: 386 ilikosa amri kadhaa ambazo zilizofuata zote zilikuwa nazo, na kwa ajili yake peke yake maandishi mengi yalipaswa kuzungushwa kwa namna ya pekee. Bwana Torvalds mwenyewe aliikubali kazi hiyo bila ya machozi.

Mfano mwingine ni wa Debian, jumuiya kubwa ya watu wa kujitolea wanaokusanya na kugawa programu huria. Toleo lao la 2.0, la Julai 1998, lilikuwa la kwanza kutolewa kwa koo mbili za prosesa, Intel na Motorola 68000. Lakini toleo la 4.0 lilipotoka Aprili 2007, Motorola haikuwamo rasmi. Programu zilikuwa zimezidi wingi na ukubwa, kompaila ilikuwa na kasoro, nayo mitambo ya zamani ilishindwa kuzitengeneza kwa mwendo uliotakiwa. Wale waliokuwa na moyo hawakuiacha. Waliendelea kuitunza kando, wakitumia pia kompyuta mpya zinazoigiza tabia ya ile ya zamani. Na mwaka 2025, Debian toleo la 13 lilipotoka mwezi wa Agosti, zamu ya kusogezwa kando ilizifikia kompyuta za kawaida za Intel za biti 32.

Kuna na jambo jipya zaidi. Lugha ya C, iliyofungua mlango, imeanza kupata jirani aitwaye Rust, lugha inayosifiwa kwa kuzuia makosa ya kumbukumbu ambayo wezi wa mitandao huyatumia kama dirisha lililosahauliwa wazi. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini kompaila ya Rust hutegemea msingi uitwao LLVM, na prosesa kadhaa za zamani hazimo ndani yake, au zimo kwa majaribio tu. Motorola 68000 ilikubaliwa humo kwa majaribio mwaka 2021, kwa jitihada za watu wa kujitolea. Mwishoni mwa Oktoba 2025 mmoja wa watunzaji wa chombo ambacho Debian hutumia kuwekea programu alitangaza kwamba chombo hicho kitahitaji Rust, si kabla ya Mei 2026, na kwamba wanaotunza mitambo isiyo na kompaila hiyo waitafute katika miezi sita au waache.

Twaona hapa haki mbili zinazogongana. Wengi wana haki ya kupata programu iliyo salama, wala haifai watu mamilioni wangojee mtambo wa watu wachache. Na wachache wana haki ya kutotupwa nje bila ya muda wa kutosha wa kujitengenezea. Sisi hatusemi kwamba wengi wasiendelee. Twasema kwamba tofauti kubwa iko katika namna ya kuachwa. Mwenye Windows 10 alipoambiwa basi, maandishi ya mfumo wake yalibaki chini ya ufunguo wa kampuni. Hata kama angekuwa na mafundi elfu moja, hawana cha kushika. Mwenye Motorola alipoambiwa basi, aliachiwa maandishi yote mkononi, akaambiwa: sisi tumechoka, wewe kama una nguvu endelea. Wa kwanza amefungiwa mlango. Wa pili amekosa wasaidizi tu. Mtu aliyekosa wasaidizi aweza kuwatafuta.

Basi neno "huria" lisieleweke kuwa ni bure isiyo na jasho. Ruhusa haina mikono. Mfumo huhama na kuishi kwa sababu kuna mtu, mahali fulani, aliyekaa baada ya saa za kazi akasoma maandishi ya wenzake na kuyarekebisha. Mtu huyo akifa au akichoka na asiwepo wa kumpokea, mtambo nao utakufa, na leseni itabaki kama hati ya shamba lisilolimwa.

YANAYOTUHUSU

Pengine msomaji atasema: hayo ni mambo ya Helsinki na Wollongong, sisi yanatuhusu nini? Twajibu kwamba yanatuhusu pengine kuliko wao. Katika Afrika ya Mashariki kompyuta nyingi za shule na za ofisi ndogo hazikuja zikiwa mpya. Zimekuja baada ya kutumika kwingine, kama zijavyo nguo za mitumba. Mwenye kununua mtumba ndiye hupata miaka ya mwisho ya mtambo, na ndiye wa kwanza kuumia tarehe za msaada zinapofika. Tena taka za mitambo hiyo zina risasi na sumu nyingine; nchi za Afrika zilikutana Bamako mwaka 1991 zikafanya mkataba wa kukataza kuletewa taka za sumu kutoka nje. Kila kompyuta nzima inayotangazwa kuwa imekufa kabla ya siku zake ni hatua moja ya kulijaza jaa.

Wala sisi si wageni katika kazi ya kuhamisha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa programu huria ya ofisi kwa lugha yetu, ikaitwa Jambo OpenOffice. Ile nayo ilikuwa safari ya kuhama, si kwenda kwenye chuma kingine bali kwenye ulimi mwingine. Iliwezekana kwa sababu ile ile: maandishi yalikuwa wazi, na hakuna aliyehitaji kumwomba mtu idhini ya kusema Kiswahili.

Na simu je? Hapo hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2017 ulianzishwa mradi uitwao postmarketOS, wenye nia ya kuipa simu maisha ya miaka 10. Kinachowakwamisha si udhaifu wa simu za zamani. Ni kwamba vifaa vya ndani havikuachiwa maelezo, na simu nyingi zimefungwa zisikubali kuamshwa na mfumo mwingine. Mwenye simu ameuziwa nyumba, ila kufuli ya mlango imebaki mfukoni mwa muuzaji.

Kwa hiyo tungependa kutoa mashauri matatu. Kwanza, kabla ya ofisi, shule au chama cha ushirika kuandika kwamba kompyuta imekwisha, fundi aulizwe swali moja na alijibu kwa maandishi: kilichokwisha ni mtambo, au ni ahadi ya kampuni? Kama ni mtambo, na utupwe kwa utaratibu ulio salama. Kama ni ahadi, na ujaribiwe mfumo huria kwanza. Kwa kompyuta za biti 64 zilizo nyingi maofisini hakuna hata haja ya kuhamisha kitu, kwa kuwa kazi hiyo imekwisha kufanywa na inatunzwa. Pili, anayenunua aulize siku ya kununua, si siku ya kuzika, kama chombo chaweza kuwekwa mfumo mwingine. Tatu, na hili ndilo kubwa, vijana wetu wanaosomea ufundi wafundishwe kusoma maandishi ya mfumo endeshi, si kubonyeza vitufe vyake tu. Mtambo wa zamani ni darasa zuri kwa kazi hiyo. Haufichi kitu, na ukiharibika mikononi mwa mwanafunzi, hasara yake ni ndogo.

Tusiache kusema na udhaifu. Kompyuta ya zamani hula umeme zaidi kwa kazi ndogo. Tena mfumo wenyewe waweza kuwa mwepesi, lakini kurasa za mtandao za siku hizi zimekuwa nzito kiasi cha kuuelemea mtambo wowote wenye kumbukumbu haba. Anayemwahidi mwalimu wa shule kwamba kila chombo cha kale kitafufuka, anamwuzia maneno.

Tumalizie na karani wetu wa matangazo. Yule fundi kijana tulimwita tena, tukamwomba ajaribu Debian katika kompyuta ile badala ya kuitupa. Ilimchukua siku mbili. Kichapishi kilikubali siku ya pili, baada ya yeye kusoma maelezo ambayo hakuwahi kuyasoma katika masomo yake. Skana ya zamani ilikataa, na hadi leo imekataa. Karani hupiga picha za hati kwa simu. Matangazo ya ukurasa wa nyuma wa toleo hili yamepangwa kwa kompyuta hiyo. Naye fundi alipokuwa akifunga mfuko wake alituuliza kama angeweza kuja siku za Jumamosi, atazame ile skana inataka nini.

Tumempa ufunguo wa chumba. Usiache mbachao kwa msala upitao.